Siku usiyoona kitu, iandike

Kila mara wanapokuja watu wapya kujitolea kuhesabu kasa huku pwani ya Mtwara, swali lao la kwanza ni lile lile: "Dada, tutawaona lini?" Ninawaelewa. Nami nilianza na hamu hiyo hiyo ya kumkuta jike usiku mchangani, akifukua shimo huku chumvi ikimtoka machoni kama machozi. Nilitembea wiki sita kabla sijamwona hata mmoja. Nilichojifunza katika wiki hizo, na kosa kubwa nililolifanya, ndicho ninachotaka kukuachia wewe unayeanza, kwa sababu inaniuma kuona mtu akipoteza jasho lake kama nilivyopoteza langu.

Nilipewa kipande cha ufukwe upande wa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2000. Kazi ilikuwa nyepesi kuieleza: amka kabla ya jua, tembea kuanzia kwenye mivinje hadi mdomo wa kijito, tafuta alama za kasa waliopanda usiku. Nikiona alama naandika tarehe, mahali na upana wake. Nisipoona kitu narudi nyumbani, daftari halijafunguliwa. Kwa akili yangu hapakuwa na cha kuandika.

Baada ya miezi mitatu akaja mama mmoja aliyekuwa akikusanya madaftari yetu. Akalifungua la kwangu akakuta tarehe 4, kisha tarehe 11, kisha tarehe 19. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hizi siku za katikati, ulikwenda hukuona, au hukwenda?"

Sikuwa na jibu. Siku nyingine nilikwenda sikuona. Siku nyingine nilikuwa na homa. Kulikuwa na siku za mvua, na siku mbili tatu za msiba kijijini. Zote kwenye daftari zilikuwa zinafanana: weupe mtupu. Miezi mitatu ya kuamka gizani, na hakuna mtu duniani angeweza kusema kutokana na daftari lile kama kasa walikuwa wengi au wachache.

Kwa hiyo hili ndilo la kwanza, na ukisahau mengine yote usilisahau hili: siku uliyotembea ukakosa, andika sifuri. Andika umeanza saa ngapi, umemaliza saa ngapi, umetoka wapi hadi wapi, umeona sifuri. Na siku ambayo hukwenda, andika hukwenda na sababu yake. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kama Mtwara na Bukoba.

Sababu yake inatokana na maisha ya kasa mwenyewe. Kasa jike hatagi kila mwaka. Aghalabu hupumzika miaka miwili, mitatu, hata minne, kisha hurudi. Kwa hiyo mwaka mmoja unaweza kuona alama nyingi na unaofuata chache, bila hata mmoja kuuawa. Na mtoto wa kasa anayeingia baharini leo atachukua miaka ishirini na zaidi kukomaa. Huwezi kusema wanapungua au wanaongezeka kwa kuhesabu msimu mmoja. Unahitaji miaka mingi, na miaka hiyo hailinganishiki kama hujui mtu alitembea mara ngapi. Viota kumi katika asubuhi ishirini si sawa na viota kumi katika asubuhi mia.

Si kwa kasa tu. Wale wanaohesabu ndege kwa programu ya eBird, iliyoanza mwaka 2002 huko Marekani na sasa inatumika dunia nzima, wanajua kwamba kabla ya kutuma orodha utaulizwa umekaa muda gani, umetembea umbali gani, na je, umeandika ndege wote uliowatambua au wale waliokuvutia tu. Swali hilo la mwisho ni sifuri ile ile kwa mlango mwingine. Ukikaa saa nzima kwenye matope ya Mikindani maji yakiwa yamekupwa, ukaandika sululu na yangeyange na kusema hao ndio wote, umewaambia watu pia ndege gani hawakuwepo.

Sasa tuje kwenye alama, maana hapo ndipo penye utamu. Kasa wa kawaida, yule mkubwa, anapotambaa mchangani huvuta mikono yote miwili ya mbele kwa pamoja. Alama yake hutoka sawasawa kushoto na kulia, kama tairi la trekta, upana wa kama mita moja au zaidi. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, hutambaa kwa kupishanisha, mkono wa kulia kisha wa kushoto, kama mtoto anayejifunza kutambaa. Alama zake hupishana, na aghalabu hazifiki mita moja. Chukua futi ya fundi cherehani, ile ya mita moja na nusu, inatosha kabisa. Pima ukingo hadi ukingo mahali ambapo mchanga ni tambarare, si kwenye mteremko, kwa sababu kwenye mteremko mchanga unamomonyoka na kuongeza upana.

Utaona njia mbili, ya kupanda na ya kushuka. Kama maji yalikuwa yanakupwa wakati yuko juu, ya kushuka itakuwa ndefu kuliko ya kupanda. Chutama, angalia mchanga umesukumwa upande gani: kasa husukuma mchanga nyuma yake anapokwenda mbele. Fuata hadi juu. Pengine utakuta shimo pana lililofukiwa na mchanga uliorushwa huku na huku. Pengine utakuta amezunguka tu, akagonga mizizi au akashtuka, akarudi baharini. Hiyo nayo iandike: alipanda, hakutaga. Wapya wengi huiacha kwa kuona haina faida, kumbe ufukwe wenye kasa wengi wanaopanda bila kutaga una jambo linalowasumbua, iwe taa, kelele, au mchanga uliojaa takataka.

Ukimaliza kuandika, kata alama kwa kuburuta mguu au fimbo kuvuka njia zote mbili. Mwenzako wa kesho akikuta mstari huo atajua imeshahesabiwa. Mwezi wangu wa pili tulimhesabu kasa mmoja mara tatu, watu watatu, asubuhi tatu, kwa kukosa mstari mmoja wa mguu.

Mayai usiyaguse. Yai la kasa baada ya saa chache za mwanzo kijusi hujishika kwa ndani, upande wa juu wa ganda; ukiligeuza kinakufa. Kuhamisha kiota ni kazi ya mtu aliyefundishwa na kuruhusiwa, tena pale tu ambapo bamvua, yale maji makubwa, litakifikia. Na usidhani kila mchanga ni sawa: joto la kiota ndilo linaloamua jinsia. Mchanga wa moto hutoa majike zaidi, wa baridi madume zaidi. Mtu anayehamisha mayai kutoka kivulini kwenda juani kwa huruma anabadilisha kizazi kizima bila kujua.

Saa. Nakuomba sana uangalie saa. Sisi tunasema saa 11 alfajiri, simu inasema 5:00. Fomu zikiingizwa kwenye kompyuta na mtu ambaye hakuwepo, saa 11 inakuwa 11:00, jua la utosi, na doria yako ya alfajiri inaonekana umeitembea mchana. Chagueni namna moja, kikundi kizima, muiandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Sisi tunaandika ya simu. Pembeni tunaweka umri wa mwezi kwa hesabu ya wavuvi, kwa sababu wazee wetu hawakosei bamvua na maji mafu, yaani yale madogo, na namba hiyo inasaidia mtu akitaka kujua maji yalifika wapi.

Mahali nako kuna mtego. Simu inapata jira za mahali, yaani latitudo na longitudo, hata bila bando, ila ni lazima iandike alama ya kutoa mbele ya latitudo, maana sisi tuko kusini ya ikweta. Ufukwe wa Msimbati uko kama -10.3 kwa 40.4. Ukiidondosha ile alama ndogo, kiota chako kinahamia Ethiopia, nchi isiyo na bahari. Nimeona karatasi nzima iliyokwenda hivyo. Nakili namba mara mbili, na uandike kwa maneno pia: "hatua arobaini kusini ya mnazi uliolala". Mnazi uliolala haukosei alama.

Tumia penseli. Kalamu ya wino ikikutana na umande wa bahari inatoka yote. Daftari liweke kwenye kopo lenye mfuniko.

Kuna jaribu lingine, na hili ni la moyoni. Babu mmoja mvuvi, ninayemheshimu sana, alitembea nami asubuhi moja tukakuta alama nusu imefutwa na maji. Akasema, "Huyo ng'amba, mjukuu wangu. Namjua." Nilitamani kuandika ng'amba, kwa heshima yake na kwa sababu ng'amba ni adimu na mimi nilitaka kumpata. Nilipopima, sehemu iliyobaki haikutosha kuamua. Nikamwambia: shikamoo yako naiweka, babu, ila hapa naandika "haijulikani", na pembeni naandika kwamba mvuvi mzoefu anasema ng'amba. Alicheka akakubali. Fanya hivyo. Andika ulichokiona kwenye sehemu yake, na unachodhani kwenye sehemu yake. Neno "haijulikani" halimdhalilishi mtu yeyote.

Tena kisichojulikana kisikutie aibu ya kukionyesha. Silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria, alitambulika mwaka 1938 huko East London, Afrika Kusini, kwa sababu dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, alishangazwa na samaki katika shehena ya wavuvi asikubali kumwacha apite. Huku kwetu, mwaka 2003 wavuvi wa Kilwa wakamnasa. Ukikutana na kitu cha ajabu kwenye wavu au ufukweni, piga picha kikiwa kando ya kitu chenye urefu unaojulikana, ndala au futi yako, na umpelekee ofisa uvuvi au watu wa hifadhi.

Ila picha ya kiota usiirushe kwenye kundi la WhatsApp. Kasa analindwa na sheria za uvuvi za nchi, lakini mayai bado yanafukuliwa, na mahali ulipopaonyesha kwa furaha panaweza kuwa patupu kesho. Programu ya iNaturalist, ya kuandikia viumbe unaowaona, huficha yenyewe mahali halisi pa viumbe walio hatarini kutoweka. WhatsApp haifichi chochote.

Kabla hujajiunga na mradi wowote, kaa nao chini uulize. Serikali ya kijiji inajua? Kamati ya kusimamia rasilimali za bahari hapo kijijini inajua? Nauli na bando atalipa nani? Kujitolea ni kutoa muda wako, si kukopa hela dukani ili ukafanye kazi ya mtu. Na swali kubwa zaidi: matokeo yatarudi lini, kwa lugha gani, na yatasomwa wapi? Naliuliza kwa uchungu. Kuna mradi mmoja tuliufanyia kazi ya mikoko kwa miezi mingi, tukihesabu miche ya mchu na mkandaa huku matope yamefika magotini, wanawake wengi wakiacha kwenda kuokota pweza siku za maji kupwa. Fomu zilichukuliwa. Hakuna aliyerudi. Mpaka leo akina mama wale wakisikia neno "utafiti" wanaondoka, na siwalaumu. Mradi unaokubali kurudi hata na karatasi moja ya Kiswahili ya kubandika ofisi ya kijiji, huo nenda nao.

Mwisho kabisa nizungumzie korosho. Ukiwa mgeni wa mikoa hii utashangaa kuona Oktoba ikiingia wenzako wanapotea mmoja mmoja. Hawajachoka. Wako mashambani wanaokota, na mapato ya mwaka mzima yako chini ya mikorosho ile. Hakuna kasa atakayelipa ada ya shule. Zamani tulikuwa tunalazimishana kutembea kila siku, tukaishia na daftari lenye matundu kuanzia Oktoba hadi Desemba, kila mwaka, kana kwamba bahari nayo imekwenda shamba. Sasa msimu huo tunapunguza: Jumatatu na Ijumaa tu, wawili wawili, majina yanapangwa mapema na kubandikwa. Siku chache zinazojulikana zinatufaa kuliko nyingi za kubahatisha.

Novemba iliyopita ratiba ilikosekana siku moja. Kwenye daftari, kwa penseli ya binti mmoja aliyejiunga mwaka huo huo, imeandikwa: "Ijumaa. Hatukwenda. Mvua na radi tangu 4:00." Na chini yake, Jumatatu: "5:10 hadi 6:35. Mivinje hadi kijito. Sifuri."