Ni Joshua Speed, mwenye duka wa Springfield

Ndugu, uliyeuliza kama kweli kuna mwenye duka aliyempa Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, mahali pa kulala kisha akaandika habari zake: yupo, ni Joshua Speed, mtu wa Kentucky aliyekuwa na duka Springfield, Illinois.

Aprili 1837 Lincoln aliingia dukani na mikoba yake ya tandiko la farasi, akauliza bei ya godoro, shuka, mablanketi na mto. Speed akapiga hesabu: dola 17. Lincoln akasema bei si mbaya, ila mfukoni hana kitu. Kama atakopeshwa hadi Krismasi, na uwakili ukamkubali, atalipa. Speed anasema hajawahi kuona uso wenye huzuni namna ile. Akamwambia kuna kitanda kikubwa juu, tulale wote. Jamaa akapanda ngazi, akatupa mikoba sakafuni, akashuka anatabasamu: tayari nimehamia!

Speed aliyasimulia haya miaka mingi baadaye, lakini muuza duka hasahau bei, kwa hiyo hizo dola 17 mimi nazikubali.

Urafiki wao haukuwa wa kukubaliana kila kitu. Familia ya Speed ilimiliki watumwa, na mwaka 1855 Lincoln alimwandikia barua kali, akimkumbusha watumwa waliofungwa minyororo waliowaona pamoja melini mwaka 1841.

Kumbukumbu za Speed kuhusu Lincoln zilichapishwa 1884, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Ni kijitabu chembamba tu, unakimaliza kwa kikao kimoja.