Ghala la karafuu kabla halijabomolewa: pima nini, uanze wapi

Maghala ya mawe kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yakibomolewa kupisha majengo mapya, kinachobaki mara nyingi ni picha za simu. Picha huonyesha sura ya jengo. Hazisemi ukuta upi ulitangulia, na hilo ndilo la kuandikwa kwanza, maana mawe yakishaondoka hakuna wa kuulizwa.

Anzia nje. Karafuu huanikwa juani siku kadhaa na hazitakiwi kulala kwenye umande, kwa hiyo tazama mlango mpana unaelekea wapi. Aghalabu sakafu ya kuanikia iko upande huo. Ichore pamoja na mteremko wake wa kutolea maji, kisima na njia. Ghala lililochorwa bila sakafu yake halisomeki.

Kupima kunataka watu wawili, futi ya mita 30, timazi na mpira wa maji wa fundi. Kwa mpira huo piga mstari mmoja wa usawa kuzunguka jengo lote, ndani na nje, na vimo vyote vipimwe kutoka hapo. Usipime kutoka chini, kwani sakafu kuukuu zimebonyea. Shika sifuri kwenye pembe moja, usome kila ukingo wa mlango, dirisha na daka (kishubaka cha ukutani) bila kuihamisha futi. Anayepima kipande kwa kipande akikosea sentimita 1 mara 10, anaweza kufika mwisho wa ukuta akiwa nje kwa sentimita 10. Pima mishazari miwili ya kila chumba pia, pembe hadi pembe ya mkabala: pembe za nyumba hizi ni nadra kuwa sawa, na bila mishazari ramani haifungi. Unene wa ukuta upimwe milangoni. Ramani na mikato (michoro ya jengo kana kwamba limekatwa wima) ziwe kwa skeli ya 1:50, milango na ncha za boriti 1:10.

Upana wa chumba chenye dari ya boriti hufuata urefu wa mti wa mkoko, kwa kawaida mita 2.5 hadi 3. Ukikuta chumba kipana zaidi kisicho na nguzo, tafuta dalili za paa la mgongo la makuti.

Kwenye kuta usiharakishe hata kidogo. Tafuta mshono wima ambapo mawe hayakufungamana. Kama lipu ya ukuta mmoja inapita nyuma ya mwingine, huo wenye lipu ndio wa kwanza. Baada ya ugawaji wa mashamba ya eka tatu kwa wananchi uliofuata Mapinduzi ya 1964, si ajabu kukuta ghala limegeuzwa makazi kwa kuta nyembamba za matofali ya saruji. Ziandike nazo, ni historia kamili kama chokaa ya kwanza. Misumari iliyofuliwa kwa mkono na ile ya duara ya kiwandani itofautishwe, chumba kwa chumba.

Lipu isibanduliwe mapema. Giza likiingia, weka tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite juu juu: mikwaruzo ya hesabu, majina na majahazi hujitokeza, nayo mchana haionekani. Piga picha ukiwa mkabala na ukuta, ukiweka fimbo ya kipimo, na namba ya kila picha iandikwe kwenye ramani siku hiyo hiyo.

Wazee waulizwe ndani ya ghala lenyewe, waonyeshe kwa mkono palipopimiwa karafuu na kilichokwisha kuondolewa. Fedha za radiokaboni, kipimo cha maabara cha umri wa mti, zitumie kwingine: kwa miti ya baada ya 1650 hivi majibu yake hutawanyika mno.

Mkataba wa mbomoaji useme kazi itasimama mara tatu: paa likitoka, ili mashimo ya boriti yaonekane, lipu ikitoka, na msingi ukifunuliwa. Bila kifungu hicho atamaliza kwa asubuhi moja. Nakala moja ya michoro ipelekwe idara ya mambo ya kale, nyingine ibaki kwa sheha.