Maswali na majibu: kiti, soketi na kikombe kimoja

Safari hii tunajibu maswali ya wanaofanyia kazi kwenye migahawa ya kahawa. Mengi yanaanza na Wi-Fi, kwa hiyo tuimalize hiyo kwanza.

Naomba unitajie kafe yenye Wi-Fi kali hapa Dar. (Msomaji, Sinza)

Sitaji. Swali hili linarudi kila mara na jibu halijabadilika: Wi-Fi ya saa tatu asubuhi si ile ya saa saba mchana, hata kama ruta ni hiyo hiyo. Asubuhi mko wanne. Mchana pamefurika, na simu nyingi zilizounganishwa zinapandisha picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni bila wenyewe kujua. Jina la kafe halitakusaidia kitu. Nenda kapime kwa saa ile ile utakayofanyia kazi, kabla hujaagiza.

Mwambie mhudumu unataka kujaribu mtandao kwanza, kisha kaa kwenye kiti unachokitaka (usipimie mlangoni) na ufungue fast.com. Namba kubwa inayojitokeza ni kasi ya kupakua tu. Hapo ndipo wengi wanapofurahi na kufunga ukurasa. Bonyeza sehemu ya maelezo zaidi upate kasi ya kupakia na ucheleweshaji kwa milisekunde. Rudia mara tatu, ukipumzika dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Ukipata 20, halafu 3, halafu 14, hiyo ni mbaya kuliko 6, 6, 6. Kwa barua pepe na kuandika, Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde) zilizotulia zinatosha kabisa. Kwa kupandisha mafaili mazito, piga hesabu kabla hujatoka nyumbani: faili la GB 2 kwa kasi ya kupakia ya Mbps 2 ni zaidi ya saa mbili, na hapo ni kama hakuna mwingine anayegombania njia.

Na picha za Instagram zenye maua ukutani na taa za kuning'inia hazioneshi soketi ziko wapi. Acheni kuchagua ofisi kwa picha.

Kesho nina usaili wa kazi kwa Zoom. Niende kafe ya aina gani? (Msomaji, Mikocheni)

Usiende kafe, dada. Omba chumba kwa ndugu, kwa rafiki, hata ndani ya gari lililoegeshwa kivulini. Kama njia zote zimefungwa, basi sikiliza.

Zoom ya watu wawili kwa picha ya kawaida inataka takriban kbps 600 (yaani Mbps 0.6) kwenda na 600 kurudi. Picha safi ya 720p inataka Mbps 1.2 kila upande. Wakiwa wengi kwenye kikao, picha hiyo safi inapanda hadi Mbps 2.6 za kupakia. Umeona tena neno kupakia? Sura yako na sauti yako vinaondoka kwa njia hiyo, nayo ndiyo nyembamba kwenye kafe nyingi. Ndiyo maana wewe unawaona vizuri huku wao wanakuona umeganda mdomo wazi.

Nunua bando leo usiku, usisubiri kesho asubuhi. Kwa 720p ya watu wawili, saa moja inakula kama GB 1, kwa hiyo weka GB 2 ulale. Anza moja kwa moja na intaneti ya simu, Wi-Fi ya kafe iwe akiba. Simu iwe kwenye chaja, na uzuie programu zake kujisasisha. Mtandao ukilegea katikati, zima kamera kabla hujaanza kuomba radhi: sauti peke yake inakula kbps 60 hadi 80 tu, na usaili unaendelea.

Kiti chako kitazame dirisha. Ukiligeuzia mgongo, kamera itakuonesha kivuli tupu. Kaa mbali na kaunta, maana huko kuna mashine ya kusaga kahawa, mvuke wa kuchemshia maziwa na, kelele kuu kuliko zote, blenda ya juisi ya parachichi. Tumia hedifoni zenye waya na kipaza sauti karibu na mdomo. Zile za bluetooth huishiwa chaji wakati wa swali la mshahara.

Kikombe kimoja kinaniruhusu kukaa saa ngapi? (Msomaji, Kinondoni)

Kahawa ni tiketi ya kiti, na tiketi inaisha muda. Agiza kitu kila baada ya saa moja na nusu, mbili ukizidisha. Si lazima kiwe kikombe kingine. Sambusa au maji ya chupa ni biashara pia. Maji ya bure ya bomba hayahesabiki.

Tufanye hesabu ambayo wengi wenu hamtaki kuifanya. Tuseme sahani ya mchana ni shilingi 15,000. Meza ya watu wanne ikijaa mara moja ni 60,000, na kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu inaweza kujaa mara mbili. Wewe umeikalia peke yako na kapuchino ya 7,000 iliyopoa tangu saa nne, mkoba umewekwa kiti cha pili, koti cha tatu. Kisha mnalalamika kwamba kafe zimeanza kuziba soketi na kutoa nywila inayokufa baada ya saa moja. Mmezifundisha wenyewe.

Mtu mmoja akae meza ya wawili, au ile ndefu ya pamoja. Saa za chakula ama ule, ama uondoke urudi saa tisa. Na bakshishi mpe mhudumu mkononi, kwa sababu ndiye anayejua meza ipi ina soketi inayofanya kazi na ipi ni pambo.

Naruhusiwa kuja na chapati zangu?

Hapana.

Umeme ukikatika jenereta inawaka upesi, lakini intaneti inapotea dakika kadhaa. Kwa nini, na nichague vipi mahali? (Msomaji, Mwanza)

Hili ndilo swali bora kati ya yote yaliyoletwa. Watu huuliza kafe kama ina jenereta, wakati kompyuta yao ina betri ya saa kadhaa na ingevumilia tu. Kinachozimika ni ruta na kile kisanduku cha faiba pembeni yake. Hata jenereta ikiwaka ndani ya sekunde kumi, vifaa hivyo vinaanza upya: kimoja kinatafuta laini, kingine kinatafuta cha kwanza, na zinapita dakika mbili hadi tano. Umeme ukirudi na jenereta ikazimwa, mnakatika tena.

Dawa yake ni UPS ndogo ya ruta (kisanduku cha betri kinachoiendesha umeme ukikatika), na wenye kafe wengi hawana. Kwa hiyo usiulize kama kuna jenereta. Uliza hivi: "Umeme ukikatika, Wi-Fi nayo inakatika?" Mhudumu atakujibu kweli, maana ndiye anayepigiwa kelele. Ukiweza, angalia ruta ilipo: waya wake ukiingia kwenye kisanduku cha betri badala ya soketi ya ukutani, hapo pamefikiriwa.

Jingine. Chaja ya kompyuta kwa kawaida inakubali volti 100 hadi 240, imeandikwa mgongoni kwake, kwa hiyo kuyumba kidogo kwa jenereta hakuiui. Mshindo wa umeme unaporudi ni hadithi nyingine. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, hesabu dakika mbili ndipo uchomeke. Na soketi iliyolegea, inayocheza plagi ikiguswa, iache hata kama ndiyo pekee. Inapiga cheche ndani na kupata moto.

Nina kona yangu niipendayo, lakini Wi-Fi inakatakata hapo tu, hasa mchana. (Msomaji, Nairobi)

Kona yako inapakana na jiko? Maikrowevu inafanya kazi kwenye masafa ya takriban GHz 2.45, na Wi-Fi ya zamani iko kwenye GHz 2.4. Kila mtu anayepashiwa pai, wewe unapotea. Masafa hayo pia yana njia tatu tu zisizoingiliana (1, 6 na 11), na maduka yote ya jengo hilo yanazigombania. Tazama orodha ya mitandao: ukiona jina la kafe lenye 5G mwishoni, huo ni wa GHz 5, jiunge nao. Udhaifu wake ni kwamba haupenyi kuta vizuri, kwa hiyo kaa mahali ruta inapoonekana.

Nikienda msalani nimwachie jirani laptopu?

Nenda nayo. Na ukikaa kibarazani karibu na barabara, usiwe upande wa wakwapuzi wa pikipiki.

Naingiza taarifa za wateja wa kampuni. Wi-Fi ya kafe ni salama? (Msomaji, Arusha)

Wi-Fi si tatizo lako la kwanza. Tovuti nyingi sasa zinasimba mawasiliano (zinayafunga yasisomwe njiani), na ukijihadhari na mtandao bandia wenye jina linalofanana na la kafe (muulize mhudumu jina kamili, herufi kwa herufi) umepunguza hatari kubwa. Tatizo ni aliyekaa nyuma yako, na wewe unayesoma namba ya NIDA ya mtu kwa sauti kwenye simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na hakuna kati yake inayokusamehe kwa sababu kahawa ilikuwa nzuri. Kaa mgongo ukiwa ukutani, weka kioo kijifunge baada ya dakika moja, na kazi ya namba za watu ifanyie ofisini.

Kijiwe cha kahawa je? Pale ni rahisi. (Msomaji, Ilala)

Kijiweni unakwenda kunywa kahawa chungu na kashata, ubishane Simba na Yanga. Hakuna meza, hakuna soketi, na ukifungua kompyuta wazee watakuuliza unaandika nini kuwahusu. Ukitaka utulivu bila kununua kahawa, Maktaba Kuu ya Taifa iko mtaa wa Bibi Titi Mohamed, na vijana mnaipita kila siku.

Nakuja Zanzibar Ramadhani na kazi zangu za mtandaoni. Nipange vipi? (Msomaji, Moshi)

Migahawa mingi hufungwa mchana. Panga kazi nzito ufanyie chumbani, na kafe iwe baada ya futari. Ukikuta iliyo wazi Mji Mkongwe, kaa ndani, usikae barazani na kikombe mkononi.

Nikinywa kahawa siku nzima mikono inatetemeka. Niagize nini? (Msomaji, Mbeya)

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaweka kikomo cha miligramu 400 za kafeini kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Espresso moja ina kama 60 hadi 80, lakini kapuchino kubwa kwa kawaida ni shoti mbili za espresso. Uliza pia mbegu: robusta, kama ile ya Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya kwenu Mbeya. Kunywa mbili kabla ya saa nane mchana. Ya tatu iwe chai ya tangawizi. Mhudumu anauza vyote, hatakununia.