Maswali ya Wasomaji: Njia za Lami na Vumbi kwa Mgeni wa Nairobi

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Likoni, Mombasa, na mwezi wa Julai nitakuwa Nairobi kikazi kwa wiki mbili. Nitafikia Parklands, na nimeamua kwenda na baiskeli yangu yenye tairi za upana wa milimita 40. Mwishoni mwa wiki ningependa kuendesha kiasi cha kilomita 50, nusu lami na nusu vumbi, lakini kila nikiiuliza ramani ya simu hunipeleka Thika Road au Waiyaki Way, katikati ya malori. Mgeni huzipataje njia nzuri?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Ramani ya simu humhudumia zaidi mtu anayetaka kufika upesi, na wewe unataka kuendesha. Ukiwa katika mji usioujua, jiulize kwanza ni kazi gani inayofanyika pembezoni mwake ambayo haiwezekani bila barabara za vumbi, kwa kuwa penye kazi hiyo ndipo penye njia nyingi, zinazopitika, na zenye watu.

Kwa Nairobi jibu liko kaskazini-magharibi, katika mashamba ya chai ya Kiambu. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, na tangu hapo zao hilo ndilo lililozichora barabara za huko. Jani bichi likishachumwa halingoji. Lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo kabla halijaharibika, na kwa hiyo lori linapaswa kukifikia kila kituo cha kununulia majani, hata wakati wa mvua. Ndiyo maana kati ya miji ya Banana, Tigoni na Limuru utakuta barabara za moramu (udongo wenye changarawe) zinazoiacha lami, zikazunguka mashambani na kuirudia lami mbele kidogo. Huo ndio mchanganyiko unaoutaka.

Kabla ya kuchora njia yako, itazame ramani inayoonyesha miinuko. Kiambu ni nchi ya migongo mirefu inayoteremka kuelekea kusini-mashariki, na kila baina ya migongo miwili pana mto. Njia inayofuata mgongo hupanda polepole, nawe huiona mbele yako kutoka mbali. Inayokata migongo hukutumbukiza bondeni na kukupandisha tena, mara kwa mara, na kilomita 30 za namna hiyo huchosha kuliko 60 za mgongoni. Wageni wengi hutazama umbali peke yake, na hapo ndipo siku huwaharibikia. Kisha fungua ramani ya Strava, programu ambayo waendeshaji hurekodi safari zao, inayoonyesha mahali walipopita. Mstari hafifu kwenye barabara ndogo ya vumbi una thamani kwako kuliko mstari unaong'aa kwenye barabara kuu, maana unathibitisha kwamba kuna mtu aliyeingia upande mmoja akatokea wa pili. Hata hivyo mstari huo si ruhusa. Baadhi ya mashamba ni mali ya kampuni, na penye lango huna budi kusimama, kusalimia na kuomba njia. Wachuma chai na madereva wa bodaboda watakueleza hali ya barabara ya leo, jambo ambalo hakuna programu inayolijua.

Siku ya kwanza usiende mbali. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Limuru ni zaidi ya mita 2,200, kwa hiyo pumzi ya mtu wa pwani itapungua hata kama miguu ina nguvu. Anzia Msitu wa Karura, ulio jirani na Parklands, wenye zaidi ya hekta 1,000 na vijia vilivyotengwa kwa baiskeli. Malipo ya kiingilio hayapokelewi kwa fedha taslimu. Tunakuomba uviheshimu vijia hivyo na wanaotembea kwa miguu, kwani msitu huo ulikuwa unamegwa kwa ajili ya majengo hadi Wangari Maathai na wenzake walipousimamia kidete mwaka 1999, wakapigwa kwa ajili yake.

Julai ni mwezi wa baridi na manyunyu. Chukua koti jepesi lisilopitisha upepo, tyubu mbili na pampu, na upunguze upepo wa tairi kidogo unapoingia kwenye vumbi. Udongo mwekundu wa Kiambu ukilowa huteleza, lakini hupitika. Udongo mweusi wa nyanda za Kitengela na Athi ni jambo jingine kabisa: ukilowa hushika tairi kama sima mwikoni, hujaa kwenye uma unaoshika gurudumu na kwenye breki, na gurudumu husimama kabisa. Ikiwa mvua imenyesha usiku, upande huo uache.

SWALI: Mimi ni mwanamke, huendesha peke yangu, na nitapita Nairobi kwa siku chache. Je, Milima ya Ngong inafaa? – Msomaji, Arusha

JIBU: Inafaa, dada yetu, lakini usiende peke yako. Kilele chake kina mita 2,460, upepo ni mkali, na njia ya mgongoni ina mawe na miteremko ambayo baadhi yake utaisukuma baiskeli. Wasafiri wamewahi kuporwa huko, na kwa sababu hiyo watu huomba langoni askari wa misitu wa kuwasindikiza au hujiunga na kundi. Ukikosa kundi, nenda Hell's Gate karibu na Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, mojawapo ya hifadhi chache za Kenya zinazoruhusu baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Baiskeli za kukodi zinapatikana langoni. Jaribu breki zote mbili na gia zote kabla ya kulipa. Nyati nao wapo, kwa hiyo ukiwaona karibu na barabara simama mbali, usubiri waondoke.