Kumshitaki mwanao anayekupiga: ni kuvunja sitara?

SWALI: Assalamu alaykum Shekhe. Niko Malindi. Nina kijana wa miaka 19, ameacha shule, anatafuna muguka na sasa nasikia ameingia kwenye unga. Akikosa pesa huvunja vyombo, na mdogo wake wa kike wa miaka 13 humpiga hata majirani wakasikia. Mwezi uliopita alinisukuma nikaangukia mbuzi ya nazi, nikashonwa mkono. Hospitali nilisema nimeteleza. Baba yake naye amenipiga miaka mingi, na akiambiwa habari za kijana hujibu, "Amekua mwanamume." Nilipotaka kwenda polisi, shemeji yangu na wazee wa mtaa walinizuia. Walisema mama akimshitaki mwanawe amemlaani, na Muislamu husitiri aibu ya nyumba yake. Wao wanataka tuyamalize wenyewe, kisha kijana apelekwe kwa mtu anayewafunga vijana minyororo na kuwasomea. Je, nikishitaki nina dhambi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Dada yangu, huna dhambi. Kwa upande wako, kushitaki ni haki yako. Kwa upande wa huyo binti wa miaka 13, ni wajibu wako, kwa kuwa wewe ni mchunga na utaulizwa juu yake. Nimeitanguliza hukumu kwa sababu naona wamekukalisha kitako kama mshitakiwa, ilhali mkono ulioshonwa ni wako.

Hadithi waliyokusomea ni sahihi. Mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri duniani na akhera. Imo katika Sahihi Muslim. Kosa lao ni mahali walipoiweka. Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafii wa mwambao huu humtegemea katika kila mlango wa fikihi, alipoisherehesha hadithi hii alibainisha kwamba sitara hiyo ni ya mtu mwenye staha, asiyejulikana kwa maudhi wala ufisadi, aliyeteleza na jambo likapita. Ama anayejulikana kwa maudhi, alisema imependekezwa asisitiriwe, bali khabari yake ifikishwe kwa mwenye mamlaka, ikiwa haihofiwi kuzuka madhara makubwa zaidi, kwa sababu kumsitiri kunampa tamaa ya kuendelea. Na ubaya anaoukuta mtu ukitendeka, aliusema mbali kabisa: huo ni wajibu kuukataza na kuuzuia kwa anayeweza, na asiyeweza aupeleke kwa mwenye mamlaka.

Sasa chukua maneno hayo uyapime na nyumba yako. Kijana aliyepiga jana na atakayepiga Ijumaa akikosa pesa, huyo ameteleza na jambo likapita? Binti anasitiriwa vipi kwa kufungiwa ndani na anayempiga? Wanaosema "sitiri" wanaisitiri heshima ya ukoo, wanaogopa mabarazani patasemwa nini, kisha wanalivisha woga wao joho la hadithi. Hilo linatuuma sisi tunaosomesha, maana neno la Mtume swalla Llahu alayhi wasallam limefanywa komeo la mlango wa dhalimu.

Wala usikubali kuambiwa unasengenya. Nawawi huyo huyo, katika Riyadhus Swalihin, ametaja mambo 6 yanayohalalisha kumtaja mtu kwa ubaya wake, na la kwanza ni mdhulumiwa kumshitakia mwenye uwezo wa kumpa haki yake. Na Kur'ani imekwisha kusema katika Suratun Nisaa aya ya 148 kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa.

Tena kuna Habiba binti Sahl, radhi za Allah ziwe juu yake. Mumewe, Thabit bin Qays, alimpiga akamvunja kiungo. Riwaya zimo katika Sunan ya Abu Dawud: Mtume alitoka kwenda kuswali alfajiri akamkuta mwanamke mlangoni pake gizani, akauliza, "Nani huyu?" Akajibu, "Mimi Habiba binti Sahl." Huyo ni mwanamke aliyetoka nyumbani kwake usiku haujaisha, akaenda kusimama mlangoni kwa mkuu wa dola. Hakuambiwa rudi ukastahimili, wala hakuulizwa kwa nini anatoa mambo ya chumbani. Thabit aliitwa, shauri likasikilizwa siku ile ile, na wakatenganishwa. Na Thabit hakuwa mtu ovyo, alikuwa katika Maansari wenye cheo. Cheo hakikumzuia kuitwa.

Ama la laana, halina asili. Laana ya mzazi ni dua mbaya anayoitoa kwa ulimi na moyo wake. Kumfikisha mtoto mahali pa kuzuiwa ni kumsaidia. Mtume alisema, "Msaidie ndugu yako akiwa dhalimu au akiwa amedhulumiwa," Maswahaba wakauliza dhalimu wamsaidie vipi, akasema kwa kumzuia asidhulumu. Bukhari ameipokea. Kijana ambaye Kur'ani imemkataza hata kumwambia mama yake "ah" ameinua mkono juu yake, na kila siku anayoachwa ni siku nyingine anayozidi kuzama. Ukimpenda, mzuie.

Mumeo sitamrefushia. Akiitoa aya ya 34 ya Suratun Nisaa, inayotaja kumpiga mke, mwambie amsome aliyeteremshiwa. Bi Aisha amesema Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, isipokuwa akiwa katika jihadi. Wanawake walipokuja kwa wingi nyumbani kwa Mtume kuwalalamikia waume zao, alisema waume hao si wabora wenu. Imam Shafii mwenyewe ameona kuacha kupiga ndiko bora, na hakuna mwanachuoni wa madhehebu yoyote aliyeruhusu kipigo cha kuumiza, cha uso au cha kuvunja. Kijana wako hakuzaliwa anapiga. Ameangalia miaka mingi namna hasira inavyotolewa nyumbani mwenu, na baba asipoacha, hapana mshauri wala dawa itakayomwachisha mwana.

Nije kwenye hilo la "tuyamalize wenyewe," linaloitwa maslaha, kwa kuwa hapa ndipo damu nyingi imefichwa. Suluhu ni ibada, na aya ya 35 ya sura hiyo hiyo imeamrisha mpatanishi kutoka kwa watu wa mume na mpatanishi kutoka kwa watu wa mke. Tazama: kutoka kwa mke pia. Kikao cha shemeji yako na wazee wa upande mmoja, wewe ukiwa peke yako jamvini, hakijatimiza aya. Na Mtume ameweka mpaka: suluhu yafaa baina ya Waislamu, isipokuwa ile inayoharamisha halali au kuhalalisha haramu. Mzozo wa posho, wa maneno, wa nani akae wapi, wazee wauketie na Mungu awalipe. Lakini kuvunjwa mifupa, kushikiwa panga, na kila jambo la uchafu alilofanyiwa mtoto, hayo hayana maslaha. Mzee anayepokea pesa au mbuzi ili kesi ya mtoto aliyenajisiwa iishe amehalalisha haramu, na sheria ya Kenya ya makosa ya kingono ya 2006 hailitambui tendo hilo kuwa jambo la familia.

Na minyororo, hapana. Kisomo ni shifaa, hatukikanushi, lakini anayesomewa halazimiki kufungwa kwenye nguzo. Mtu aliyezoea unga akikatizwa ghafla huumwa siku kadhaa, ya pili na ya tatu ndizo kali: hutapika, huharisha, maji yakamwisha mwilini. Aliyefungwa minyororo hana wa kumpimia. Kisha hatari kubwa huja akifunguliwa. Mwili umesahau kipimo cha zamani, yeye hajasahau. Akirudia kiasi kile kile, pumzi hukatika. Mama anasema mwanangu alipona kisha akafa ghafla, na hajui kwamba kukaa bila unga, bila dawa wala ufuatiliaji, ndiko kulikomdhoofisha.

Hapo hapo Malindi, hospitali ya serikali ina kliniki ya methadoni tangu 2015. Ni dawa ya kunywa, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na inakata arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, ili mtu aweze kula, kulala na kusikiliza. Haiachwi ghafla, na haichanganywi na pombe wala vidonge vya usingizi. Mji wenu pia una Omari Project, iliyowashughulikia watumiaji wa unga tangu miaka ya 1990. Methadoni haisaidii muguka wala bangi. Huko kazi ni ya mshauri, na ya kumrudishia usingizi, maana anayetafuna usiku kucha hukupambazukia na hasira. Namba ya bure ya ushauri wa dawa za kulevya ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa hizo, ni 1192. Kituo chochote utakachoonyeshwa, uliza mambo matatu kabla ya kutoa shilingi: kimesajiliwa na NACADA? Kina muuguzi? Mzazi anaruhusiwa kumwona mwanawe? Wakikataa moja, ondoka.

Sasa namna ya kwenda, kwa kuwa wengi wana haki lakini huipoteza njiani.

Anza na usalama, maana siku ya kushitaki ndiyo siku ya hatari, na lile sharti la Nawawi la kuhofia madhara makubwa zaidi linakutaka ujipange. Panga, kisu kirefu na mchi wa kinu visilale ndani; mpe jirani. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, dawa na nauli, vitie mfuko mmoja ukae kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba. Namba za simu ziandike kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuvunjwa. Mpatane na jirani neno moja la kawaida, kama "nipe chumvi," ambalo binti akilisema usiku, jirani ataelewa aite watu. Usimtangazie kijana wala baba yake kwamba unakwenda.

Kisha hospitali, na useme kweli. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Daktari huandika anachoambiwa. Ukisema umeteleza, karatasi itasema umeteleza, na wakili wa upande wa pili ataisoma mahakamani. Rudi umwambie aliyekutibu kwamba jeraha la mkono lilitokana na kusukumwa. Kovu bado lipo, na kumbukumbu za siku ile zipo. Likitokea jingine, lipige picha siku ile na tena baada ya siku 2, kwa kuwa vilio la damu hukolea rangi baadaye.

Polisi, omba dawati la jinsia. Hakikisha maelezo yako yameandikwa katika kitabu cha matukio, na usiondoke bila namba yake ya OB. Omba fomu ya P3, ya kuandikiwa majeraha, ambayo polisi hutoa na haiuzwi. Daktari huijaza na wewe huirudisha. Weka nakala. Ukiambiwa "nendeni mkasameheane," omba kumwona mkuu wa kituo.

Mahakama ya hakimu, Malindi, ndiyo itoayo amri ya ulinzi kwa sheria ya ukatili wa nyumbani ya 2015. Watu wengi hudhani sheria hiyo ni ya mke na mume tu. Inamgusa hata mwana na mama yake. Hakimu anaweza kumkataza asikukaribie, au asiingie nyumbani, na anaweza kutoa amri ya muda kabla shauri halijasikizwa lote. Tofautisha hapo na mahakama ya Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa naye. Ukitaka kuachana na mumeo au posho, Kadhi ndiye. Ukitaka mkono uzuiwe usipige, huyo si mlango wake, na kina mama hupoteza miezi wakingojea Kadhi afanye kazi ya hakimu. Asiye na pesa ya wakili awaendee FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake. Simu ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195.

Nimemwacha binti mwisho kwa kuwa ndiye anayenikosesha raha katika barua yako. Umesema majirani wanamsikia. Hukusema yeye amekwambia nini. Kaa naye wakati kaka yake hayupo, ukimsuka nywele au mkichambua mchele, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, maana mtoto hasemi akikaziwa macho. Usimuulize "amekufanya nini?" Muulize usiku analala wapi, nani huingia, na lini huogopa. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu huenda ikakulazimu kusema. Akikwambia ameguswa, mshike mkono umwambie amefanya vyema kusema. Kama ni jambo la juzi, asiogeshwe, nguo zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, mfike hospitali kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa ya kinga ya ukimwi. Hata kama hakuguswa, ofisi ya watoto ya kaunti ndogo ina haki ya kujua kwamba anapigwa, na wana uwezo wa kumtafutia mahali salama pa kulala mpaka nyumba yako itulie. Namba ya watoto ni 116, usiku na mchana, haikati vocha. Mfundishe na yeye aijue kwa moyo.

Wallahu aalam.