Kabla mgonjwa hajapelekwa chumba cha upasuaji: kwa madaktari wanaoanza kusoma picha za mapafu

Wengi wenu mnaoanza mafunzo ya radiolojia hapa Dar es Salaam mnajua kuutafuta uvimbe wa saratani ya mapafu, na mnauona. Kinachowapa shida miezi ya mwanzo, kama kilivyonipa mimi, ni kutambua kwamba daktari wa upasuaji aliyeomba picha anajua tayari kuwa uvimbe upo. Anachotaka kujua ni kama unaweza kutolewa wote, kama umeshasambaa, na kama pafu litakalobaki litamtosha mgonjwa.

Anzeni na CT ya kifua (eksirei ya vipande vipande inayounganishwa na kompyuta) yenye kontrasti, yaani dawa ya kung'arisha mishipa ya damu, ambayo ishuke hadi ini na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Upimeni uvimbe kwenye mpangilio wa mapafu (mng'ao wa skrini unaoyaonyesha vizuri), kwa kuwa mpangilio wa tishu laini huupunguza ukubwa, na mtafute kipenyo kirefu zaidi katika pande zote za picha. Mipaka ya sentimita 3, 5 na 7 ndiyo inayotenganisha madaraja ya T, yaani ya uvimbe wenyewe, kwa hiyo milimita mbili zilizopimwa kwa haraka zinaweza kumhamisha mgonjwa kutoka daraja moja hadi jingine. Uvimbe uliogusa ukuta wa kifua haujauingia kwa sababu tu umeugusa; mbavu iliyoliwa ndiyo ushahidi wa kuaminika. Kama uvimbe umevuka mpaka kati ya lobu mbili (sehemu kuu za pafu), semeni wazi, maana kutoa lobu moja huenda kusitoshe.

Tezi za limfu za katikati ya kifua ndizo zinazostahili muda wenu mwingi. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba tezi yenye kipenyo kifupi kinachozidi milimita 10 inatiliwa shaka kuwa imeingiwa na saratani. Kanuni hiyo si mbaya, lakini Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu huvimbisha tezi zilezile, mahali palepale. Picha ya PET nayo haituokoi hapa: hufuatilia sukari yenye mionzi anayodungwa mgonjwa, na seli za uvimbe unaotokana na kifua kikuu huila sukari hiyo kwa pupa, kama zinavyofanya seli za saratani.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliandika, bila kusita, kwamba tezi za mzee mmoja "zimeingiwa na saratani". Tezi kubwa ilikuwa na milimita 14. Ripoti yangu ingetosha kumwondoa kwenye orodha ya upasuaji, lakini daktari wa upasuaji aliuliza swali moja tu katika kikao: "Mzee aliwahi kuugua TB?" Sikuwa nimeuliza. Kijana wake alitumwa nyumbani, akarudi na bahasha ya kaki yenye eksirei za miaka ya nyuma zilizokuwa zimehifadhiwa chini ya godoro, mbili kati yake zimegandana kwa joto. Kovu la kifua kikuu lilikuwa wazi. Sampuli ya tezi ilipochukuliwa haikuwa na saratani. Tangu siku hiyo huandika hivi: "Tezi zimezidi kipimo, uthibitisho wa tishu unahitajika kabla ya kubadili mpango wa upasuaji." Na huomba picha za zamani kabla ya kuanza kusoma mpya. Watu wetu huzitunza kuliko tunavyodhani.

Kwa mgonjwa anayeandaliwa kwa PET, mwambieni kwa Kiswahili chepesi maana ya kufunga kabla ya kipimo: si chapati tu, hata chai yenye sukari hairuhusiwi. Nusu ya mionzi ya sukari anayodungwa huisha kwa dakika 110 hivi, kwa hiyo dozi ya mgonjwa aliyekunywa chai haimsubiri hadi kesho.

Uvimbe kwenye adrenali usiwatishe kabla hamjaupima bila kontrasti: chini ya uniti 10 za Hounsfield (kipimo cha msongamano wa tishu kwenye CT), mara nyingi ni uvimbe wa mafuta usio na madhara. Ubongo, kwa upande wake, hutumia sukari nyingi wenyewe, hivyo PET huficha vivimbe vidogo humo. Ugonjwa ukiwa umepita hatua ya awali, ombeni MRI ya ubongo, yaani picha ya sumaku.

Mwisho, elezeni hali ya pafu lisilo na uvimbe, jambo ambalo ripoti nyingi hulipuuza. Daktari wa upasuaji hukadiria nguvu itakayobaki kwa kuhesabu segmenti 19 (vipande vidogo vya lobu) za mapafu yote mawili, ambapo lobu ya juu ya kulia ina 3 na ya chini ya kulia ina 5. Kama uvimbe umeziba bronkasi (mrija wa hewa) na segmenti zilizo mbele yake zimesinyaa, zitajeni moja moja kwa majina, kwa sababu segmenti ambazo hazipitishi hewa tayari hazihesabiwi kama hasara ya upasuaji, na mgonjwa aliyeonekana hawezi kufanyiwa upasuaji huenda akaweza.