Jirani anampiga mkewe: nifanye nini?

SWALI: Naishi Kadutu, Bukavu. Nyumba zimebanana, usiku nasikia jirani anampiga mkewe. Wazee wanasema ya nyumbani hayaingiliwi. Nifanye nini? (Baba wa watoto watatu)

JIBU: Baba, ingilia, ila usiende peke yako wala usibebe fimbo. Chukua mwanaume mwenzako ambaye jirani anamheshimu, mgonge mlango, muombe kibiriti au chumvi. Kusudi ni kukata kipigo. Usiku huo msiseme "tumesikia mama analia", maana mkishaondoka atalipa yeye.

Asubuhi mke wako azungumze na mama huyo faraghani, asimsukume kuondoka. Amuulize hasa: umewahi kukabwa koo? Swali hili wengi hulisahau. Jicho lililovimba linaonekana, lakini aliyekabwa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa, na koo laweza kuvimba saa nyingi baadaye bila alama yoyote nje. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Akiwa amebakwa, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianze ndani ya saa 72, zimezwe siku 28. Hospitali ya Panzi, kule Ibanda, inapokea wanawake hawa.

Na mbuzi wa mapatano, anayetolewa kikaoni ili kesi iishe? Kwa ubakaji, sheria ya Kongo ya 2006 hairuhusu faini ifute kesi. Ukiitwa kwenye kikao hicho, kataa kuketi.

Jirani mwenyewe umwendee mchana, akiwa hajanywa, mkiwa wewe na yeye tu: "Ndugu, nimesikia. Nitagonga tena."